Makabidhiano ya vivuli vya jengo: faili, PDF, QR au kadi ya ukutani?

Saa tano usiku simu inaita. Namba siijui.

"Shikamoo," nikasema, maana sauti ilikuwa ya mtu mzima.

"Marahaba, mwanangu. Mimi mlinzi wa ile nyumba ya Mbezi Beach mliyofunga turubai. Linapiga huku kama mdundiko. Nifanyeje?"

Ulikuwa msimu wa kusi, umeme umekatika, wenye nyumba wako Dodoma. Turubai la mita tano limetandazwa lote juu ya baraza, na rimoti bila umeme ni kipande cha plastiki tu. Nikamwambia tulishaacha faili jeusi, lina ukurasa wenye picha unaoonyesha jinsi ya kulirudisha kwa mkono. Mzee akanyamaza kidogo. "Faili liko chumbani kwa bosi. Chumba kimefungwa." Nikamuuliza kuhusu mkono wa kuzungushia, ile fimbo ndefu nyeupe yenye ndoano. Akasema ipo, nyuma ya mlango wa stoo. Yeye na dada wa jikoni walikuwa wanaitumia kuangulia maembe.

Tuliumaliza usiku ule kwa simu, yeye tochi kwapani, mimi nikihesabu naye mizunguko. Kitambaa kilipona, mkono mmoja wa turubai ulipinda. Lile faili nililiandaa mwenyewe kwa siku mbili: kurasa 64, vigawanyo vya rangi, jedwali la yaliyomo. Mhandisi mshauri yeyote angelisifu. Usiku ule lilikuwa ndani ya kabati, na kabati ndani ya chumba, na chumba kimefungwa.

Kazi yangu ni kuandaa hati za makabidhiano kwa kampuni ndogo inayofunga vivuli hapa Dar es Salaam: maturubai ya kutoka na kurudi, blaindi za ndani na za nje, luva za alumini (vile vibao vyembamba vya kukata jua dirishani), pagola, shedi neti (nyavu za kivuli) za maegesho. Wenzangu wa fani wananiuliza mara kwa mara, mteja umpe nini siku ya handova: faili, PDF kwenye WhatsApp, kibandiko cha QR, au kadi moja ya kutundika ukutani? Zote nne nimezitumia na zote zimewahi kuniangusha, kila moja kwa namna yake. Siku hizi ninapochagua ninajiuliza swali moja tu: kifaa kikikwama, aliye karibu nacho ni nani, na ana nini mkononi?

Kwanza hati iwe na kitu ndani

Hakuna njia itakayookoa hati tupu, na hati nyingi ninazoziona ni tupu hata zikiwa nene. Ni vitabu vya kiwandani vilivyochapwa vikarundikwa. Kitabu cha turubai la Ulaya kinakuonya kuhusu theluji na barafu, kinakushauri upande wa kusini wa nyumba ndio wa jua, na kuhusu chumvi ya bahari unaweza usipate hata mstari.

Hapa kwetu jua lina mambo yake. Dar iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana linapita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi, na tena kabla Oktoba haijafika katikati. Mwezi Juni saa sita mchana liko upande wa kaskazini, kwenye nyuzi kama 60 kutoka upeo wa macho. Desemba limehamia kusini, nyuzi kama 73. Mteja asipoelezwa hivyo atakupigia simu Novemba akilalamika kwamba luva za dirisha la kusini "zimeacha kufanya kazi", kumbe zilipangwa Juni. Upande wa magharibi hauna msimu wa nafuu. Jua la saa kumi na moja jioni huingia chini ya kivuli chochote cha mlalo, mwaka mzima. Nusu ukurasa wa maelezo hayo, ukitaja madirisha ya nyumba yenyewe, huniokoa simu nyingi kuliko kitabu kizima cha kiwanda.

Kisha upepo. Chini ya kiwango cha Ulaya cha EN 13561, turubai la daraja la 1 linahimili upepo hadi kilomita 28 kwa saa, la 2 hadi 38, la 3 hadi 49. Mteja akisoma "daraja la 2" hajaambiwa kitu. Lakini Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) inapotoa angalizo la upepo mkali pwani, mara nyingi husema "unaofikia kilomita 40 kwa saa", na angalizo hilo watu wanalisikia redioni na kulisambaza kwenye magrupu. Kwa hiyo kwa turubai la daraja la 2 ninaandika hivi: *TMA wakitangaza upepo wa kilomita 40, turubai liwe ndani kabla ya kulala.* Waliokuwa hapa pwani Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya hawahitaji kuelezwa zaidi.

Mengine ninayoyadai kwa fundi kabla hajashuka ngazi:

Picha ya njia ya waya kabla jipsamu haijafungwa. Fundi dari akishamaliza, hakuna atakayekumbuka waya ulipita wapi, na wa kwanza kuujua atakuwa msumari wa kutundikia picha ya harusi.

Picha ya lebo ya mota kabla haijaingizwa kwenye bomba. Ikishaingia, lebo haionekani tena, na mota yenye nguvu ya kuzungusha ya Nm 30 na ya Nm 50 zikiwa ndani ya mabomba yao huzitofautishi ukiwa chini ya ngazi. Miaka mitatu baadaye mtu ataagiza isiyo sahihi.

Aina ya bolti. Ukifunga kwa chuma cha pua cha daraja la 316 nyumba ya Masaki au Kigamboni, andika namba hiyo. Usipoandika, fundi ajaye ataleta bolti za kawaida za Kariakoo, atazibana kwenye alumini, na kwa hewa ya bahari kutu haitachelewa.

Mwinamo wa turubai. Chini ya nyuzi 14 hivi maji ya mvua hayashuki, yanajaa katikati kama beseni. Kama nafasi haikuruhusu mwinamo huo, hati iseme wazi kwamba turubai ni la jua tu, mvua ikianza lirudishwe. Na likirudishwa limelowa, litolewe tena likauke, la sivyo masika ikiisha utakuta madoa ya ukungu ambayo hayatoki.

Na mota kuzima yenyewe. Mota za ndani ya bomba zina kinga ya joto. Ukizichezea juu chini kwa dakika nne tano mfululizo zinajizima mpaka zipoe. Watoto wa mteja siku ya kwanza hufanya hivyo hasa. Simu ya "mota imeungua" jioni ya siku ya makabidhiano nimeshaipokea hata sina hesabu. Mstari mmoja unatosha: *ikigoma, iache kama dakika ishirini, kisha jaribu tena.*

Kuosha nitakupitisha haraka: maji baridi yasiyo ya chumvi, sabuni laini, brashi laini, hakuna petroli wala mashine ya maji ya presha kwenye kitambaa. Karibu na bahari, osha mara nyingi zaidi. Watengenezaji wengi wa rangi ya poda, ile inayopakwa kwenye alumini, wanaifanya ratiba ya kuosha kuwa sharti la dhamana, na mteja akikosa kuambiwa hilo kwa maandishi, ugomvi wa baadaye ni wako.

Faili

Faili ndilo linalofungua malipo. Kwenye mradi wenye msanifu, mhandisi mshauri na mkataba wa maana, hutatoka na cheti cha kukamilika bila michoro ya kilichojengwa hasa, matokeo ya majaribio, orodha ya kasoro na tarehe zilivyorekebishwa, barua ya dhamana, na vitabu vya vifaa. Kipindi cha matazamio, yaani muda ambao kasoro bado ni jukumu lako, kinapoanza kuhesabiwa, na sehemu ya fedha zako ikiwa bado imeshikwa, faili lenye sahihi ndilo shahidi wako. Ghorofa za ofisi za Posta, hoteli, balozi: huko usijaribu kuwaambia "tumewatumia kwenye simu".

Linaangukia wapi? Kwanza linakaa mbali na kifaa. Pili, haliongezwi. Ukibadilisha mota mwezi wa nane, karatasi ya mota mpya inabaki kwenye gari la fundi. Tatu ni jambo dogo lililonifedhehesha. Mteja alikuja na dai la dhamana, faili lake safi, kila kitu mahali pake, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, imewekwa ndani ya mfuko wa plastiki ili isichafuke. Ilikuwa nyeupe pee. Ukiishika kwenye mwanga unaona kivuli cha namba moja au mbili. Karatasi ya EFD huandikwa kwa joto, siyo wino. Joto la Dar huifuta, na plastiki laini ya mifuko ile huiharakisha. Tangu siku hiyo ninatoa fotokopi ya risiti siku ileile na kuipiga picha, kisha ile halisi naibana nyuma ya fotokopi. Kazi ya dakika mbili pale steshenari.

PDF kwenye WhatsApp

Hii ndiyo njia ya wengi, na siidharau. Mteja anayo mfukoni, anaweza kumtumia mlinzi, mpangaji, shemeji. Haigharimu chochote kuitengeneza upya. Kubwa zaidi, inabeba video. Video ya sekunde arobaini ya fundi wetu akichomeka mkono kwenye tundu na kuzungusha, akisema "ukisikia pagumu, acha", imefundisha watu wengi kuliko kila nilichowahi kuandika.

Inavyokufa ni hivi: mteja anabadilisha simu, hafanyi bakapu, basi. Au simu imejaa, anafuta mafaili makubwa, na lako la megabaiti 48 lenye picha zisizopunguzwa ndilo la kwanza kuondoka. Jitahidi liwe chini ya megabaiti tano. Mwenye bando la siku atalifungua bila kunung'unika. Na jina la faili ni nusu ya kazi. Ukituma "Doc1 final mpya 2" mwaka ukiisha hata wewe hulipati. "Vivuli nyumba ya Mbezi, turubai na blaindi, Juni 2025" litapatikana kwa kutafuta neno moja.

Kasoro moja haitibiki: PDF iko kwenye simu ya aliyelipa. Kwa nyumba ambazo mwenye kulipa yuko Dodoma, Mwanza au London, hiyo ni kasoro ya kufa na kupona.

QR

QR inapendeza sana mteja wa kisasa. Kibandiko kidogo kando ya swichi, unaelekeza kamera, kila kitu kinafunguka: video, michoro, tarehe ya huduma ya mwisho. Ndiyo njia pekee kati ya hizi nne inayojisasisha. Ukibadilisha mota unabadilisha ukurasa, kibandiko kinabaki kilekile. Kwa jengo lenye blaindi mia na mafundi wanaobadilika kila mwaka, sioni cha kushindana nayo.

Lakini imenitia aibu mara mbili. Mara ya kwanza tulitumia huduma ya bure ya kutengeneza QR, muda wa majaribio ukaisha, na kila kibandiko tulichobandika kikawa kinawapeleka wateja kwenye tangazo la kulipia. Mara ya pili folda yote ilikuwa kwenye akaunti binafsi ya kijana mmoja wa ofisini. Akapata kazi kwingine, akafunga akaunti, folda ikaenda naye. Hakuwa na ubaya, hakuna aliyemwambia. Sasa kiungo kiko kwenye tovuti ya kampuni yenyewe na akaunti ni ya ofisi.

Kibandiko chenyewe nacho kina adui. Ukikibandika nje upande wa magharibi, wino unapauka na kamera haisomi tena. Kibandike ndani ya mlango wa kisanduku cha umeme, au chonga kwenye kibati cha alumini.

Na fikiria kinachoonekana. Kiungo kilicho wazi chenye picha za ndani ya nyumba, mahali pa kisanduku na njia za waya ni ramani kwa mtu mwenye nia mbaya. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ila hata isingekuwepo, usiweke jina la mwenye nyumba wala picha ya sebule yake. Weka kifaa tu.

Kuhusu mzee wa Mbezi Beach, QR isingemfaa chochote. Simu yake ni ya vitufe.

Kadi

Karatasi moja ya A4, pande mbili, imepigwa laminesheni, imetobolewa kona, imetundikwa kwenye msumari kando ya mkono wa kuzungushia. Ndiyo nafuu kuliko zote na ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuijua, kwa sababu kuandika ukurasa mmoja ni kugumu kuliko kurasa 64.

Ya kwanza niliyoandika ilishindwa. Niliita vivuli kama vilivyo kwenye michoro: W-01, W-02, N-01. Dada wa kazi wa nyumba moja ya Mikocheni alikuwa ananisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza, "Kaka, hiyo W-02 ndiyo ya kwa bibi?" Nyumba ile ilishakuwa na majina yake: *ya kwa bibi*, *ya jikoni*, *ya pale tunapoanikia*. Sasa siandiki kadi mpaka niwe nimezunguka nyumba na mtu anayeishi humo nikamsikiliza anavyoviita. Kwenye rimoti yenye chaneli tano ninabandika majina hayohayo. Namba za michoro zinabaki kwenye faili, huko ndiko kwao.

La pili lilinifundisha Kiswahili changu mwenyewe. Kadi iliandikwa "kunja" na "kunjua". Soma maneno hayo usiku kwa tochi, upepo unavuma: yanatofautiana kwa silabi moja, na maana zake ni kinyume kabisa. "Funga" ni mbaya zaidi. Mafundi wanasema kivuli "kimefungwa" wakimaanisha kimewekwa ukutani; mwenye nyumba akisikia "kimefungwa" anadhani kimerudishwa ndani. Nimeyatoa yote. Kadi sasa inasema INGIZA NDANI na TOA NJE, na mshale kando ya kila moja. Hakuna aliyewahi kuchanganya.

Kadi haikupi malipo, haibebi michoro, haitamshawishi mhandisi. Ukiwa na mgogoro wa dhamana haina uzito wowote. Kazi yake ni ya dakika kumi za kwanza, na hizo ndizo dakika ambazo kitambaa kinachanika.

Kwa ufupi, zikikaa pamoja

| Njia | Nani anaishika | Ina nguvu wapi | Inakwama wapi |
|---|---|---|---|
| Faili | Mwenye nyumba, mhandisi, ofisi ya jengo | Malipo, dhamana, ushahidi | Linafungiwa kabatini, haliongezwi |
| PDF ya WhatsApp | Aliyelipa | Video, kusambaza haraka | Simu ikibadilika imepotea |
| QR | Fundi yeyote mwenye simu janja | Kusasisha, majengo makubwa | Kiungo kikifa, kibandiko kikipauka |
| Kadi | Aliye karibu | Dharura, umeme ukikatika | Haina uzito wa mkataba |

Basi uchague ipi?

Nyumba ya familia yenye turubai moja au mawili: kadi, kisha PDF yenye video. Faili jembamba la kurasa kumi litatosha, hasa kwa ajili ya dhamana na fotokopi ya risiti. Kama huna muda wa vyote, anza na kadi. Najua wenzangu wengi wataanza na PDF kwa sababu inatengenezwa ukiwa umekaa ofisini. Sawa, lakini kadi inakulazimisha urudi saiti, na kurudi saiti ndiko kunakokuonyesha kwamba swichi mliifunga nyuma ya friji.

Nyumba ya kupangisha kwa siku, zile za Masaki na Msasani ambako mgeni anabadilika kila wiki: kadi kwa lugha mbili na QR. PDF haina maana, utamtumia nani?

Ofisi, hoteli, hospitali: faili kwanza, tena kwa idadi ya nakala iliyoandikwa kwenye mkataba, na QR ndani ya kila kisanduku. Kisha, hata kama hakuna aliyekuomba, tengeneza kadi kwa ajili ya chumba cha watu wa matengenezo. Mkataba mara nyingi ni wa Kiingereza, faili liwe la Kiingereza. Kadi iwe ya Kiswahili. Sijawahi kuona mtu wa matengenezo anayepanda ngazi akifikiria kwa Kiingereza.

Ghorofa zenye wamiliki wengi ndizo zinazonisumbua mpaka leo. Luva za nje ni za jengo zima, blaindi za ndani ni za kila mwenye nyumba, na mota ya luva inalishwa umeme kutoka mita ya nani? Andika hilo kwenye hati kabla ya kila kitu, kwa mistari miwili, na mpe nakala mwenyekiti wa kamati ya wakazi pamoja na kila mmiliki. Mengine yatajipanga.

Shedi neti za shule, msikiti, kanisa au maegesho hazina mota wala rimoti. Karatasi moja inatosha: kagua nyaya na tenshena (vile vya kukazia nyaya) kabla ya masika na kabla ya kusi, kaza zilizolegea, usimruhusu mtu kuanika nguo juu yake. Usiwauzie QR.

Uandike lini

Hapa sina ulinganisho mrefu. Anayeandika mwishoni anaandika anachokumbuka, na baada ya miezi miwili saiti hakumbuki kitu. Sisi kila jioni fundi anatuma picha zake kwenye grupu la mradi kabla hajapanda daladala, nami nazihamishia kwenye folda ya nyumba ile usiku huohuo. Siku ya mwisho ninabakiwa na kupanga, na kupanga ni kazi ya saa tatu tu. Fundi asiyetuma picha halipwi siku hiyo mpaka azitume. Wamenuna wiki ya kwanza, sasa wamezoea, na mmoja wao anapiga picha nzuri kuliko mimi.

Siku yenyewe ya makabidhiano nayo nimeibadilisha. Zamani tulikuwa tunawasha, kila kitu kinatoka na kurudi taratibu, mteja anatabasamu, anasaini, soda zinaletwa. Sasa kabla ya kusaini naenda kwenye kisanduku nazima breka. Nampa mlinzi au dada wa kazi kadi, simwambii neno, namwomba arudishe turubai lote ndani. Wenye nyumba wengine wanaona ni utoto. Lakini akikwama mstari wa tatu, ninajua mstari wa tatu ni mbovu, naufuta pale pale kwa kalamu na kuandika alivyosema yeye. Nakala ya mwisho inapigwa laminesheni baada ya hapo. Muda wake ni dakika kumi na tano, na soda bado zitakuwa baridi.

Kule Mbezi Beach tulirudi wiki mbili baadaye kubadilisha mkono uliopinda, nikatundika kadi mpya nyuma ya mlango wa stoo. Mzee aliisoma yote, akaomba kalamu. Chini kabisa, kwenye nafasi niliyoiachia namba ya simu ya ofisi, kuna mstari mmoja kwa mwandiko wake: *Fimbo hii siyo ya maembe.*